Springi ya Bedford na Chuma cha Dameski

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba mniruhusu niache mambo makubwa ya dunia nizungumzie kisu. Si kisu cha kifalme. Bapa lake lina urefu wa kiganja na vidole vyake, mpini wake ni wa mpingo, na kazi yake hadi leo ni kukata nyanya na kupasua sato jikoni kwa mama yangu. Lakini mtu akikiinua kwenye mwanga huona ubavuni mwake mistari inayopinda na kufuatana kama maji ya ziwa yanapoguswa na upepo wa asubuhi. Wageni hudhani ni mchoro, wakapitisha kidole wakitaka kuufuta. Haufutiki, maana umo ndani ya chuma chenyewe, toka juu hadi chini.

Kisu hicho kimetokana na springi ya lori. Marehemu baba alikuwa dereva wa Bedford, akibeba marobota ya pamba kuyapeleka Mwanza enzi zile ambazo barabara ya Shinyanga wakati wa masika ilikuwa ni jina tu. Springi za lori lile zilivunjika mara nyingi, na kila ilipovunjika moja, baba hakuitupa. Aliileta nyumbani na kuiweka chini ya mwembe. Mama alisaga karanga kivulini pembeni ya lundo hilo, sisi watoto tukalifanya lori letu la mchezo, na kutu ikalifanya lake. Baba alipofariki lundo lilibaki. Siku moja mdogo wangu, ambaye ni mtu wa hesabu, akaniambia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita mtaani na mizani yao, na kwamba amekwisha kuwauzia sehemu kubwa. Vilibaki vipande vinne tu, kwa sababu mkokoteni ulikuwa umejaa.

Sikugombana naye. Chuma kikikaa chini ya mwembe hakimlishi mtu. Lakini vile vinne nilivichukua, nikavifunga kwenye gunia, nikaenda navyo kwa mhunzi mmoja mzee aliyekuwa akifanya kazi pembezoni mwa mji, kati ya mawe makubwa, chini ya bati nne zilizotoboka.

Nilimkuta akinoa mapanga. Nikamwamkia, nikamfungulia gunia. Akakigonga kipande kimoja kwa nyundo ndogo, akasikiliza mlio wake, akakigonga tena. "Hiki ni chuma cha kweli, mwanangu," akasema. "Unataka jembe au panga?" Nikatoa picha niliyokuwa nimeikata gazetini, ya kisu cha Marekani chenye mawimbi ubavuni, na maandishi yaliyosema ni chuma cha Dameski. Mzee akaisogeza picha mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "Huyu ameunga," akasema. "Ameunga chuma na chuma, akakunja, akaunga tena. Babu yangu alikuwa akiunga jembe lililokatika. Ila hakuliosha likaonyesha." Jina la Dameski halikumshughulisha hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta habari za jambo hili vitabuni, na niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Kwanza, wasikilizaji, jina lenyewe linachanganya mambo mawili. Panga zile za zamani zilizotukuzwa kwa jina la Dameski, mji wa Shamu, hazikutengenezwa kwa kuunga. Zilifuliwa kutokana na chuma cha chungu. Huko India ya kusini na kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, mafundi walitia vipande vya chuma ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vijiti au majani, wakakiziba, wakakitia motoni kwa saa nyingi mpaka chuma kikayeyuka kabisa, kisha wakakiacha kipoe polepole. Kilichotoka humo kilikuwa donge dogo la pua, chuma kigumu kilichonywa kaboni ya yale majani. Donge hilo lilisafirishwa na kufuliwa taratibu kwa moto mdogo, na mawimbi yakajitokeza yenyewe kutoka ndani, kwa sababu chembe ngumu zilijipanga mistari mistari katika chuma laini zaidi.

Mwanafalsafa Al-Kindi wa Baghdad, aliyeishi karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya panga na aina zake, akizitenganisha kwa asili ya chuma chake, zikiwamo za Sarandibu, yaani hiyo Ceylon. Waarabu wakauita upanga mzuri muhannad, maana yake uliotoka Hindi, na jina hilo hadi leo wanapewa watoto wa kiume. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na neno lao kwa chuma bora, feleji, na upanga wa feleji haukuwa kitu cha kila mtu.

Na pwani yetu haikuwa mtazamaji tu katika biashara hiyo. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kasri la mfalme Roger wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Akaandika pia kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanyabiashara na kupelekwa India, ambako kilipendwa kwa ubora wake na kufuliwa panga. Al-Idrisi mwenyewe hakufika huku. Aliandika aliyosimuliwa, kwa hiyo tusimshikilie kwa kila neno. Hata hivyo, mtaalamu Chapurukha Kusimba na wenzake walipochunguza vyuma vya kale vilivyofukuliwa katika miji ya pwani ya Kenya, walikuta vilivyofuliwa kwa chuma cha hapa hapa, na wakakuta pia vilivyotokana na chuma cha chungu. Bahari ilikuwa ikileta na kupeleka.

Jambo moja katika habari hizi lilinifurahisha kuliko yote. Huko Sri Lanka, mahali paitwapo Samanalawewa, mtafiti Gill Juleff aligundua matanuri ya kale mengi yaliyojengwa kwenye miteremko inayotazama magharibi. Hayakuwa na mivukuto. Yalivukutwa na upepo wa msimu, ule unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1996, baada ya kujenga tanuri kama lile na kulijaribu, nalo likatoa chuma. Sasa, wasikilizaji wa pwani mtaniambia upepo wa miezi hiyo unaitwaje kwenu. Ni kusi. Kumbe upepo ule ule ambao manahodha wa kwetu waliungojea watweke matanga kwenda Arabuni na Bara Hindi, ukifika ng'ambo ya pili ulikuwa ukiwasha matanuri ya chuma. Matanuri hayo yalitumika karne nyingi, kuanzia kama karne ya 7 hadi ya 11.

Ufundi wa chuma cha chungu chenye mawimbi ulififia kati ya mwisho wa karne ya 18 na karne ya 19, na Ulaya ilihangaika sana kuufufua. Michael Faraday, yule wa umeme, ambaye baba yake alikuwa mhunzi, alikaa miaka kadhaa kuanzia 1819 akifanya majaribio ya pua pamoja na mtengeneza visu aliyeitwa Stodart. Kule Urusi, Pavel Anosov wa Zlatoust alifanya kazi hiyo muda mrefu zaidi na akachapisha kitabu mwaka 1841. Katika miaka ya 1990 Wamarekani wawili, profesa Verhoeven na mhunzi Pendray, walionyesha kwamba siri moja ilikuwa kwenye mawe yenyewe: chuma cha kale kilikuwa na chembe kidogo mno za metali kama vanadi, na bila hizo mawimbi hayajipangi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba fundi hakusahau kitu. Alifanya yote aliyofundishwa na baba yake, kwa mawe ya chimbo jingine, na mawimbi yakakataa. Jambo hili limenikaa moyoni. Mtu anaweza kushika ufundi wote mikononi mwake na bado ukampotea.

Sasa njia ya pili, na ndiyo ya yule mzee wangu, ni ya kuunga. Hii haihitaji kuyeyusha. Unapanga vipande vya aina mbili za chuma kimoja juu ya kingine, unavitia motoni mpaka vinakaribia kuyeyuka, unavipiga, navyo vinashikana vikawa kitu kimoja. Ulaya ya kale iliijua sana. Mwaka 1939 huko Sutton Hoo, Uingereza, lilifukuliwa kaburi la mtu mkubwa wa karne ya 7 aliyezikwa pamoja na jahazi zima, na upanga wake ulikuwa wa namna hiyo: vijiti vya chuma vilivyosokotwa kama kamba na kuungwa. Sababu haikuwa urembo peke yake. Chuma kizuri kilikuwa haba na kila kipande kilitofautiana na mwenzake, kwa hiyo fundi alichanganya kigumu na laini ili upanga usivunjike wala usipinde. Uzuri ulikuja nyuma ya uhaba.

Uhaba huo huo uliwafanya Waingereza, katika karne ya 18 na ya 19, watengeneze mitutu ya bunduki zao za kuwindia kwa misumari mikuukuu ya kwato za farasi. Msinicheke. Mabaki ya misumari yale, yaliyopondwapondwa na kila hatua ya farasi barabarani, yalikusanywa na kuuzwa kwa uzito, kisha yakaungwa kwa moto, na mara nyingine yakachanganywa na vipande vya springi chakavu za magari ya farasi. Mabwana waliokwenda kuwinda na bunduki za bei kubwa zenye mawimbi kwenye mtutu walikuwa wamebeba misumari na springi. Nilipomsimulia mzee habari hii alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Basi baba yako na hao mabwana ni ndugu," akasema.

Njia hii nayo ilikaribia kuzimika Magharibi, mpaka mhunzi mmoja wa Maryland, William Moran, alipoonyesha visu vyake vyenye mawimbi kwenye maonyesho ya mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake waliunda chama cha wafua visu cha Marekani. Tangu hapo watu wa huko hufua visu kwa minyororo ya misumeno, beringi, kamba za waya za winchi na kila kilichotupwa. Kisu cha kamba ya waya, kwa mfano, hutoka na ngozi kama ya nyoka, ingawa chuma chake ni cha aina moja tu, kwa kuwa kila unyuzi huacha alama pale ulipoungana na mwenzake.

Na hapa kwetu? Hapa lazima nikae kidogo.

Yule mzee alitoka upande wa Geita, na babu yake alikuwa Mrongo. Wasikilizaji wa Kanda ya Ziwa wanawajua Warongo: ndio waliochimba mawe ya chuma huko Uzinza, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari. Majembe ya aina hiyo kutoka sehemu mbalimbali yalifika hadi soko la Tabora, yakawa kama fedha. Wafipa nao walikuwa na matanuri marefu kupita mtu, yaliyovuta upepo yenyewe. Kule Upareni ukoo wa Washana uliheshimiwa na kuogopwa kwa sababu ya nyundo. Na Wahaya wana kisa ambacho kila mwanafunzi wa nchi hii angefaa kukijua.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa huko Bukoba wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma. Wazee wale walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa miongo mingi; waliokuwa vijana walipoiona kwa mara ya mwisho sasa walikuwa na mvi. Wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachimba shimo na kulijaza matete ya kinamasini na kuyachoma, wakapanga mirija ya udongo ikaingia ndani ya tanuri, wakashika mivukuto. Chuma kikatoka, na sehemu yake ikawa pua. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha maelezo yao katika jarida la Science. Walisema kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya ile mirija kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwapo huko tangu miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kama matanuri yaliyofukuliwa karibu na ziwa yalivyoonyesha.

Magazeti ya dunia yakapiga kelele kwamba Waafrika waliwatangulia Wazungu kutengeneza pua. Baadaye wataalamu wengine wakapinga, wakisema hewa ile haikupata joto la kutosha kuleta tofauti, na mabishano yakaendelea. Mimi, kwa maoni yangu, sioni haja ya mashindano hayo. Linalonigusa ni wazee wale kukaa chini, mmoja akikumbuka kimo cha tanuri, mwingine akikumbuka aina ya mti wa makaa, mwingine nyimbo, mpaka vikatosha kuwasha moto. Wangengojewa miaka 20 zaidi, nani angekumbuka?

Kilichoizima kazi ile kwa sehemu kubwa kilikuwa bei. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa wingi wakati wa ukoloni, na mtu hawezi kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mawe na kuvukuta kutwa kucha ili auze jembe kwa bei ya lile lililoshuka melini. Matanuri yakapoa. Lakini wahunzi hawakuisha. Waliacha kuyeyusha mawe, wakaanza kuokota chuma cha mkoloni mwenyewe. Reli ya Uganda ilipopita kati ya 1896 na 1901, Wanandi walichukua nyaya za simu wakajipamba nazo, wakachukua na bolti za reli wakafua silaha, nazo zikatumika katika vita vyao vya kuupinga utawala ule hadi mwaka 1905, alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Vitabu vya Waingereza vinauita wizi. Mhunzi angesema chuma kimepita mlangoni kwake.

Tangu hapo springi ya gari ndiyo imekuwa machimbo yetu. Nenda Gerezani Dar es Salaam, nenda Kamukunji Nairobi, utaikuta ikiwa panga, patasi, shoka.

Turudi kwa mzee. Ili mawimbi yaonekane tulihitaji chuma cha pili chenye tabia tofauti, naye akachagua kipande cha msumeno wa mkanda uliotupwa na watu wa mbao. Misumeno mingi ya aina hiyo ina nikeli kidogo, ambayo hubaki nyeupe wakati springi inageuka nyeusi. Yeye hakusema nikeli. Alisema, "Huu haupendi kutu." Springi aliifua ikawa nyembamba, akakata vipande vinne, na vya msumeno vitatu, akavipanga kwa zamu, akavifunga kwa waya. Mjukuu wake, kijana wa miaka kama 13, alizungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni ya kupulizia makaa.

Chuma kikawa chekundu, kikawa rangi ya papai bivu, kikawa njano ya kuumiza macho. Mzee akakinyunyizia mchanga mwembamba wa ziwani. Mchanga ule huyeyuka na kuchukua uchafu wa chuma, ukipigwa unaruka nje nao. Cheche ndogo zilipoanza kupasuka juu yake kama mbegu za ufuta kwenye kikaango, akasema "Sasa!" na nyundo zikaanza. Hapo hapana mazungumzo. Ukichelewa, vipande havishikani. Ukizidisha moto, chuma kinaungua na hakuna dawa. Tabaka 7 zikawa kitu kimoja. Akakikata katikati, akakikunja, zikawa 14, kisha 28, kisha 56, kisha 112. Kazi hiyo ilitula siku mbili na debe tatu za makaa.

Na sasa nieleze kosa langu, kwa maana lilikuwa langu peke yangu. Kisu kilipokwisha kupata umbo, kilibaki kuzimishwa, yaani kutiwa moto na kupozwa ghafla ili makali yawe magumu. Mzee alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, naye aliigusisha chuma mara kwa mara, kwa sababu chuma kikifika moto unaotakiwa sumaku haikishiki tena. Akaniagiza nimletee kopo la oili chafu ya gari iliyopashwa moto kidogo. Nikamwambia hapana, Mzee, nimesoma kwamba panga za kale zilizimishwa kwa maji. Akanitazama. "Springi haipendi maji," akasema. Nikasisitiza. Msomi anaposisitiza, wasikilizaji, mjihadhari. Mzee akasema polepole, "Kisu ni chako, na springi ni ya baba yako." Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Tulisikia mlio mmoja tu, mdogo, ti! Mjukuu aliacha kuzungusha gurudumu. Mzee alikitoa kisu, akakishika kuelekea jua, na ufa ulikuwa pale, umetoka kwenye makali hadi karibu na mgongo wa bapa. Siku mbili za kazi ya mzee, debe tatu za makaa, na kipande kimoja cha springi za baba. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alikitupa kwenye lundo, kisha akafikiri, akakiokota na kunipa. Ninacho mezani kwangu ninapoandika maneno haya.

Kile cha pili kilichukua juma moja zaidi, na nililipa makaa yote. Kilizimishwa kwenye oili, kikatoa moshi na moto mdogo wa buluu, kikanyamaza. Mzee akakisugua sehemu kikang'aa, akakilaza juu ya bamba la moto mpaka rangi ya majani makavu ikatambaa kuelekea makali, akakiondoa. Hatua hiyo huondoa ugumu wa kupita kiasi, maana kisu kigumu mno huvunjika kama kigae. Kisha kazi ya tupa na msasa, kutwa nzima, kikawa cheupe kitupu. Mawimbi hayakuonekana hata kidogo. Nilianza kuwa na wasiwasi.

Huko Java, ambako majambia yao yaitwayo keris hufuliwa kwa tabaka na mengine yana nikeli ya kimondo ndani yake, huyaosha kwa maji ya ndimu na arseniki ili mchoro ujitokeze. (Sisi tuna kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, lakini naomba mtu asimwambie mdogo wangu.) Arseniki ni sumu, basi sisi tulitumia ndimu tupu usiku kucha. Asubuhi kisu kilikuwa na kijivu kidogo, kama ukungu. Mzee akachukua maji ya betri, akayatia kwenye maji mengi ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, akakizamisha kisu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipokitoa na kukisuuza kwa maji ya majivu, mjukuu wake alisema "Aa!" peke yake. Springi ilikuwa nyeusi, msumeno mweupe, na mistari 112 ilikuwa inakimbizana kutoka mpinini hadi nchani.

Mzee alikigeuza upande huu na upande ule kwa muda mrefu. "Kumbe ndivyo lilivyokuwa ndani," akasema. Nadhani alikuwa akisema habari za majembe ya babu yake. Donge la chuma linalotoka kwenye tanuri la udongo halilingani mahali pote, na mhunzi hulikunja na kulipiga mara nyingi ili litakate, kwa hiyo mistari kama hii lazima ilikuwamo ndani ya majembe yale yote yaliyokwenda Tabora. Hakuna aliyeyaosha kwa tindikali. Yalioshwa na udongo shambani mpaka yakaisha.

Nilikipeleka kisu nyumbani. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akaniuliza ni springi ipi, ile ya mbele au ya nyuma, kwa sababu ile ya nyuma ndiyo iliyomlaza baba porini siku tatu. Sikujua la kumjibu. Akachukua kitunguu akakikata, akaangalia kipande chake, akasema kinakata, akaingia nacho jikoni.

Mdogo wangu alipokiona alikaa kimya kidogo, kisha akauliza vile vipande viwili vilivyobaki viko wapi. Nikamwambia viko kwa mzee. Akaenda yeye mwenyewe kutaka kisu chake. Alirudi akiwa na habari kwamba kitakuwa tayari baada ya mavuno, kwamba kipande kimoja mzee amekizuia ni cha kujifunzia, na kwamba anayezungusha gurudumu la baiskeli sasa ni mtoto mwingine, mdogo zaidi, kwa sababu yule wa kwanza amepewa nyundo.

Kwaherini hadi juma lijalo.